Sanduku la Gemu la Ami

Ami yangu, aliyekuwa fundi wa redio na televisheni katika mtaa wa Langoni hapa Lamu, alifariki akiacha stoo iliyojaa vitu ambavyo hakuna aliyejua vilikuwa vya kazi gani. Katikati ya vitu hivyo, chini ya tanga kuukuu lililokuwa bado linanuka mafuta ya sifa, yale ya samaki yanayopakwa majahazi, lilisimama sanduku la gemu ambalo mimi na wenzangu tulilichezea utotoni mpaka vidole vikaota sugu. Mirathi ilipogawanywa hakuna aliyelitaka. Binti zake walihitaji chumba kiwe wazi ili kipangishwe, na waliponiuliza kama nitalichukua au wamwite mtu wa kuni, nilijibu nitalichukua kabla sijafikiria nitaliweka wapi.

Halikuwa sanduku la kiwandani. Mashine za gemu za kutia sarafu zilizotoka Japani na Marekani, tangu enzi za Space Invaders ya mwaka 1978 na Pac-Man ya mwaka 1980, ziliuzwa zikiwa kamili, na kabati lake, kioo chake, bodi yake ya elektroniki na kitabu cha michoro ya waya. Hili la ami lilibuniwa hapahapa. Mbao zilichongwa na fundi wa majahazi wa Matondoni, kioo kilitolewa kwenye televisheni ya nyumbani, na kitu pekee kilichotoka mbali kilikuwa bodi ya gemu, ambayo ami aliinunua Mombasa. Gemu yenyewe ni Street Fighter II, iliyotolewa na kampuni ya Capcom mwaka 1991 na kunakiliwa kiholela kila pembe ya dunia, na bodi ya ami ilikuwa mojawapo ya nakala hizo, kwani haikuwa na alama yoyote ya kiwanda.

Lamu mjini hakuna gari la kupakia mzigo kama ule. Punda hakufaa, kwa kuwa sanduku lilikuwa refu kuliko yeye na lingemlalia upande mmoja, hivyo nikawaita hamali wanne. Kutoka Langoni hadi kwetu Mkomani si mbali, lakini vichochoro vyetu vilijengwa kwa ajili ya watu na punda, na katika kona mbili tulilazimika kulisimamisha wima na kulizungusha hatua kwa hatua, kama watu wanaomhamisha mgonjwa. Kila lilipoinama kulikuwa na kitu kinachogongagonga ndani yake, na hamali mmoja akacheka, akasema marehemu ametuachia pesa.

Pesa zilikuwemo kweli. Nilipofungua mlango mdogo wa chini nilikuta sarafu tatu za shilingi tano za zamani, zile kubwa zenye pembe saba, sarafu moja ndogo ya rangi mbili ya shilingi tano hizohizo, na washa tisa za chuma zilizosuguliwa kwa tupa mpaka zikalingana na sarafu ndogo. Mbili kati ya washa hizo nilizitambua mara moja, kwa sababu nilizisugua mimi. Ami hakuwahi kunitajia jambo hilo, na hadi leo sijui kama alijua.

Sarafu hizo zilinifundisha kusoma sanduku kabla ya kuligusa. Tundu la kutilia pesa lilikuwa limekatwa refu, kisha nusu yake ikazibwa kwa kipande cha shaba kilichotiwa lehemu kwa uangalifu. Sarafu yenye pembe saba ilianza kutumika mwaka 1985, na ile ndogo ya rangi mbili ikafuata mwaka 1995, kwa hiyo sanduku lilijengwa kabla ya mwaka 1995 na tundu likapunguzwa baadaye. Hakukuwa na karatasi yoyote iliyosema hivyo. Kipande cha shaba ndicho kilichosema, na laiti ningeendelea kusikiliza kwa namna hiyo siku zilizofuata, ningejiepusha na kosa ambalo lingeweza kumuua mtoto wa mtu.

Mpwa wangu, anayesoma mambo ya kompyuta Mombasa, alinikuta nimekaa sakafuni na bisibisi mkononi. "Mjomba," akaniambia kwa adabu, "toa hayo yote ya ndani, weka kioo bapa na kompyuta ndogo, utapata gemu elfu badala ya moja." Alikuwa na haki. Programu ya MAME, iliyoanzishwa na Mwitaliano Nicola Salmoria mwaka 1997, imeiwezesha hata kompyuta ndogo kama Raspberry Pi kuiga mashine nyingi sana za zamani, na gharama yake ni nafuu kuliko kuhangaika na tubu ya picha ambayo haitengenezwi tena. Kama lingekuwa sanduku la kiwandani labda ningemkubalia, maana yako mengine ya aina hiyo na picha zake zimehifadhiwa. Hili lilikuwa moja tu, na maarifa yaliyolijenga yalikuwa ndani ya yale aliyoyaita "hayo yote". Nikamwambia nitajaribu kwanza.

Hata hivyo, nikiwa nimekataa ushauri wake kwa mdomo, niliufuata nusu kwa mikono. Nilianza kutoa vitu nilivyoviona havina maana, na cha kwanza kilikuwa transfoma iliyofungwa chini kabisa ya sanduku kwa bolti nne. Ilikuwa nzito kama jiwe, imesokotwa kwa mkono, na juu ya waya zake ami alikuwa amezungushia kitambaa cha tanga kilichopakwa vanishi. Niliipima kwa mita: ikiingia volti 240, zinatoka volti 240. Transfoma isiyopunguza wala kuongeza niliiona upuuzi. Nilidhani ami aliitia kwa sababu alikuwa nayo, kama mtu anayeweka viti vitano katika ukumbi wa watu wawili. Nikaifungua, nikaiweka kando, nikaunganisha televisheni moja kwa moja na umeme wa ukutani.

Nilipowasha sikuona picha, nikasogea ili nichungulie nyuma, na mgongo wa mkono wangu ukapita juu ya bamba la shaba la tundu la sarafu. Nilihisi mwasho mwembamba, kama sisimizi wengi wanatembea kwa pamoja. Nilikuwa nimevaa kandambili za mpira na sakafu ilikuwa kavu. Nilizima, nikakaa kitambo, kisha nikawasha tena nikiwa nimeshika mita badala ya kushika bamba, na kati ya bamba lile na athi ya ukutani, yaani waya wa kwenda ardhini, mita ikaonyesha zaidi ya volti 100. Lile ndilo bamba ambalo kila mtoto atakayecheza lazima aliguse, naye akiwa miguu mitupu, ametoka kuogelea.

Ilinichukua jioni mbili kuelewa nilichokifanya. Televisheni nyingi za zamani zina chasisi, yaani kiunzi cha chuma cha ndani, ambayo haikutengwa na umeme wa ukutani, na hilo halina madhara maadamu chasisi imefichwa ndani ya kasha la plastiki na kinachoingia kutoka nje ni waya wa eriali tu. Bodi ya gemu, kinyume chake, haitoi mawimbi ya eriali. Inatoa rangi tatu, nyekundu, kijani na samawati, kila moja kwenye waya wake, pamoja na waya wa nne unaoipa picha mapigo ya kuishikilia isikimbie. Televisheni ya ami haikuwa na mlango wa kupokea waya hizo, kwa hiyo aliifungua na kuziingiza mwenyewe ndani kabisa, karibu na shingo ya tubu, akipunguza nguvu zake kwa rezista. Jambo hilo liliwezekana kwa kuwa televisheni zetu huchora mistari 15,625 kwa sekunde na bodi za gemu za wakati ule huchora kwa kasi inayokaribiana sana na hiyo. Lakini tangu alipofanya hivyo, chasisi ya televisheni na mwili mzima wa mashine, pamoja na bamba la shaba, vikawa kitu kimoja.

Kazi ya transfoma ile, basi, ilikuwa kutenga. Umeme wa ukutani unaingia kwenye msokoto mmoja wa waya, unavuka kwa usumaku tu, na unatoka kwenye msokoto wa pili usiogusana na wa kwanza mahali popote, hivyo mtu aliyesimama ardhini anapogusa chasisi umeme haupati njia ya kupitia kwake kurudi ulikotoka. Ami aliisokota kwa mkono kwa ajili yetu. Niliirudisha mahali pake kwa bolti zilezile nne, nikabadilisha plagi ya pini mbili nikaweka ya pini tatu, nikaunganisha bamba na kila chuma kinachoguswa na athi, nikaongeza fyuzi ambayo yeye hakuiweka. Baada ya hapo nilijiwekea sharti: kila kitu nisichokielewa kitabaki kilipo mpaka nikielewe, hata kama itachukua mwezi.

Mwezi haukutosha. Sanduku lilipowaka vizuri, kioo hakikuonyesha picha. Kilionyesha mstari mmoja mweupe uliolala katikati, mkali kama ukingo wa kisu. Mafundi wa televisheni wanaufahamu mstari huo. Maana yake ni kwamba mwali unaochora picha unatembezwa kushoto na kulia lakini sehemu inayoupandisha na kuushusha imelala. Nilipunguza mwangaza haraka, kwa sababu mstari ukiachwa mkali unachoma unga wa kioo na kuacha alama isiyofutika, kisha nikazima na kujitayarisha kufungua.

Sitaki mtu asome hapa na kudhani kuwa kufungua televisheni ya tubu ni kama kufungua redio. Tubu ya rangi hufanya kazi kwa zaidi ya volti 20,000, nayo ni kama mtungi, hubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Kapasita kubwa ya umeme wa kuingia, kifaa cha kuhifadhi chaji, nayo inaweza kuwa imeshikilia volti zaidi ya 300. Nilifunga waya kwenye bisibisi ndefu yenye mpini wa plastiki, ncha ya pili ya waya nikaibana kwenye mshipi wa chuma unaozunguka tubu, mkono wa kushoto nikauweka mgongoni kama nilivyomwona ami akifanya, na kwa mkono wa kulia nikaingiza ncha ya bisibisi chini ya kofia ya mpira iliyo ubavuni mwa tubu. Ilitoa mlio mmoja mkavu, ta! Nikasubiri, nikarudia, haikulia tena.

Nilitoa bodi ya televisheni nikaipeleka dakani, barazani mbele ya mlango, penye mwanga wa asubuhi, nikaanza kuitazama upande wa chini kwa kioo cha kukuzia. Mahali panapopata moto sana, karibu na ile chipu inayopandisha na kushusha mwali, palikuwa na vilima vya lehemu vilivyoonekana vizima, ila ukiielekeza bodi kwenye jua kwa pembe fulani unaona pete nyembamba nyeusi ikizunguka mguu wa chipu, kama ufa unaozunguka mguu wa nguzo uliotikiswa. Miguu mitatu ilikuwa na pete hizo. Miaka ya kupata moto na kupoa, kupanuka na kusinyaa, ilikuwa imeachanisha lehemu na chuma kwa nafasi isiyofika unene wa unywele. Niliondoa lehemu yote kuukuu, nikausugua kila mguu mpaka ukang'aa, nikatia mpya. Nilibadilisha na kapasita nne za jirani ambazo vichwa vyake vilikuwa vimevimba. Sidai kwamba kila mstari mweupe hutibiwa hivyo, ila huu ulitibika, na picha ilipofunguka kutoka mstari hadi kioo kizima nilijikuta nimesimama.

Shangwe haikudumu. Gemu ilikuwa ikianza, inacheza dakika moja au mbili, kisha inajizima na kuanza upya, na kadiri vita vilivyopamba moto ndivyo ilivyozidi kukata. Nilishuku bodi, nikahofia kwamba mpwa wangu atashinda hoja. Kisha nikakumbuka kupima. Kwenye mdomo wa kifaa kinachotoa umeme wa bodi zilikuwepo volti 5 kamili, lakini kwenye bodi yenyewe, hatua moja tu kutoka hapo, zilifika volti 4.6. Bodi za aina hii zinataka volti 5, na zikipungua chini ya 4.75 hazina ahadi na mtu. Volti zilizopotea zilikuwa zimeliwa njiani. Nilichuna plastiki ya waya mmoja, nikakuta shaba ya ndani imegeuka kijani kibichi na inamomonyoka kama sukari guru, si mwishoni tu bali kwa urefu wa shubiri nzima, kwa kuwa hewa yetu ya chumvi huingilia kwenye ncha na kupanda taratibu chini ya ngozi ya waya. Waya wa Lamu ukiuona mzima kwa nje bado hujauona. Nilizitupa zote za umeme nikaweka mpya zilizo nene, nikasugua meno ya bodi kwa kifutio cha penseli na kuyapangusa kwa spiriti, kisha nikarekebisha volti huku nimeweka mita kwenye bodi. Haijajizima tena.

Ni hapo, nilipobadilisha waya, ndipo niligundua siri ya mguu mzito. Tulipokuwa watoto, kila mtu alijua kwamba mchezaji wa kushoto hana teke la nguvu. Gemu hii ina vitufe sita kwa kila mchezaji, vitatu vya ngumi na vitatu vya mateke, na kitufe cha mwisho cha upande wa kushoto hakikufanya kazi kamwe. Sisi hatukusema kimeharibika. Tulisema upande wa kushoto una mguu mzito, na aliyeshindwa mchezo uliopita ndiye aliyewekwa huko kama adhabu. Kulikuwa na kijana mmoja wa Langoni aliyejifunza kushinda kutoka upande huo bila teke, na heshima yake mtaani ilikuwa kubwa kuliko ya nahodha.

Sababu ilikuwa hii. Bodi za gemu za wakati ule zilifuata mpangilio wa waya uitwao JAMMA, uliowekwa na chama cha watengenezaji wa mashine za michezo wa Japani mwaka 1985, wenye migusano 56, 28 kila upande wa ukingo wa bodi. Mpangilio huo una nafasi ya vitufe vichache tu kwa kila mchezaji, vinavyotosha ngumi. Mateke ya Street Fighter II hupitia plagi nyingine ndogo iliyo pembeni mwa bodi. Mimi mwenyewe nilipoweka waya mpya nilisahau plagi hiyo, nikakesha usiku mmoja nikidhani mateke yote yamekufa. Nilipoipata na kufuata waya mmojammoja, nikafika kwenye ule wa teke la nguvu la kushoto. Lehemu ilikuwa imeukalia juu kama tone la nta bila kushikana nao. Ami hakuipasha moto vya kutosha siku ile ya kwanza, na kwa miaka yote ya uhai wa sanduku lile waya huo ulikuwa umekaa tu pale bila kushika.

Nilifurahi kuligundua kosa hilo, na sioni haya kusema hivyo. Baada ya transfoma nilikuwa nimeanza kumwona ami kama mtu asiyekosea, na hali hiyo nayo ni hatari kwa mtengenezaji, kwa sababu atahifadhi hata uzembe akidhani ni hekima. Ndani ya sanduku la kujengwa nyumbani vyote viwili vinalala kitanda kimoja, na kwa nje havitofautiani. Nilimtia ami lehemu mpya. Teke la kushoto sasa linapiga, ingawa rafiki mmoja wa utotoni alipolijaribu alilalamika kwamba nimeharibu mchezo.

Kuhusu mbao nilidhani nina uhuru zaidi, maana useremala nimeusogelea tangu utoto. Plaiwudi ya ubavuni ilikuwa imebunguliwa sehemu za chini, nikaikata na kuiunga. Sehemu ya vitufe, ile meza iliyoinama mbele, ilikuwa ya mbambakofi nzito iliyochakaa na kujaa alama za sigara, nikaona niibadilishe kwa ubao laini wa kiwandani, ule wa unga wa mbao ulioshindiliwa, kwa kuwa unakatika vizuri na rangi hukaa juu yake kama kioo. Nilitoboa matundu kwa keekee, nikapiga msasa, nikapaka rangi tatu, nikajipongeza. Kusi lilipoanza kuvuma na mvua za masika zikaingia, ubao ulikunywa unyevu kupitia matundu ambayo sikuyapaka rangi kwa ndani, ukavimba kuzunguka kila kitufe kama mkate uliolowa. Vitufe vikabanwa. Ule wa mbambakofi nilikuwa nimeuweka uani uegemee ukuta, umenyeshewa mvua zote hizo, na haukupinda hata kidogo.

Katika siku hizo ndipo nilipomtafuta fundi wa Matondoni aliyelijenga. Ni mzee sasa, hachongi tena, lakini hukaa karibu na wanaochonga na kuwasahihisha. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza mimi ni wa nani, na nilipomtajia ami alicheka kabla sijamaliza. Nilimweleza kwamba chini ya sanduku, kwenye maungio ya ubao wa kitako, nimekuta pamba iliyoshindiliwa na kitu kigumu cheusi juu yake, na kwamba nilikuwa karibu kuikwangua.

"Ulikwangua?"

"Bado, mzee wangu. Nilikuja kuuliza kwanza."

"Hiyo ni kalafati, mwanangu. Pamba na sifa. Ami yako alikuja akaniambia, nijengee chombo. Nami chombo ninachokijua ni cha majini."

Alicheka tena, lakini baadaye alinieleza vizuri. Duka la ami lilikuwa karibu na ufuo, na wakati wa bamvua maji yalikuwa yakinyemelea chini ya mlango na kulowesha sakafu yote. Ami alimwomba kitako kisichoingiza maji wala mchwa. Mzee alikitengeneza kama anavyotengeneza kila kitu, mbao zikaungwa ubavu kwa ubavu, zikakalafatiwa, zikainuliwa juu ya vipande viwili vya boriti za mkoko. Niliporudi nyumbani nilimwaga kopo la maji sakafuni chini ya sanduku, nikasubiri mpaka asubuhi, nikaingiza mkono ndani. Palikuwa pakavu. Kitako hicho sikukigusa, isipokuwa kukipaka sifa upya, na mke wangu alinihamisha mimi na sanduku kutoka ndani kwa sababu ya harufu.

Ubao wa mbambakofi niliurudisha. Nilipiga randa kidogo tu juu yake, kiasi cha kuondoa makapi, na alama za sigara nikaziacha. Vitufe vipya na swichi zake ndogo niliagiza kutoka Mombasa. Vilikuja na basi hadi Mokowe, vikavuka kwa boti. Ile fimbo ya kuongozea, ambayo sisi tuliiita gia, niliitengeneza kwa kubadilisha swichi zake nne tu, kwa kuwa mwili wake wa chuma ulikuwa mzima na kichwa chake ni kirungu cha mti kilichochongwa na mzee yuleyule kikawa laini kwa mikono yetu. Rangi ya nje nilipaka ya bluu ileile, na sina la kusema kuhusu rangi.

Kuna mambo nimeyaacha. Kona ya juu ya picha ina rangi ya urujuani kidogo, na pale mpiganaji mmoja anaporuka miguu yake hupotea kwa muda mfupi kwa sababu ya chipu fulani kwenye bodi ambayo sijaifikia. Spika haitoi kitu. Nimepima, nimejua kwamba kosa liko kwenye kikuza sauti ambacho ami alikitoa kwenye redio ya gari na kukifunga kwa nati ambazo sijapata spana yake, na kwa kuwa kando yake pana waya mmoja mwekundu unaokwenda mahali nisipopajua, sitakigusa mpaka kaskazi, nitakapokuwa na nafasi.

Sanduku lipo dakani. Jioni, baada ya chuo cha Kurani, watoto wa mtaa hukusanyika na kupokezana, na wameshagawana kazi: wawili wanacheza, na waliobaki nyuma yao ndio wanaotoa milio, ngumi, mateke, na yule anayeanguka.